Sura ya Tano: Mvua Chache, Makorongo Marefu

Mkoa wa Singida hupata mvua ya milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayobaki anga ni kavu, nyasi zinafanana rangi na udongo, na upepo wa Agosti unaingiza vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mgeni anayepita wakati huo barabara ya Manyoni kwenda Nzega, akiona makorongo yaliyokata mashamba, kingo zilizosimama wima na vipande vya ardhi nyekundu visivyo na hata jani, hudhani hiyo ni kazi ya jua na upepo. Ni kazi ya maji, tena maji ya saa chache tu katika mwaka mzima.

Hoja ya sura hii ni kwamba nchi kavu huchongwa na maji kuliko nchi ya mvua nyingi. Inasikika kinyume, lakini linganisha. Bukoba na Tukuyu hunyeshewa mara tatu ya Singida na zaidi, na mito yao haina hata siku moja ya kukauka. Hata hivyo, kule tone la mvua hutua kwanza kwenye jani la mgomba, likadondokea kwenye majani makavu, likafika ardhini limechoka. Singida ya Desemba haina jani la kulipokea.

Mwaka 1958 wanasayansi wawili wa Marekani, Walter Langbein na Stanley Schumm, walikusanya vipimo vya tope linalobebwa na mito ya nchi yao, wakavipanga kulingana na mvua ya kila eneo. Mstari waliopata haukupanda moja kwa moja kadiri mvua inavyoongezeka. Ulipanda kutoka jangwani, ukafika kilele kwenye nchi kavu ya kiasi, kisha ukashuka kadiri majani na misitu inavyoanza kufunika ardhi. Jangwa lenyewe halina mimea ya kushika udongo, lakini pia halina mvua ya kuubeba. Msitu una mvua tele, ila mizizi imeshikilia. Katikati kuna nchi ambazo mvua yake inatosha kubeba na mimea yake haitoshi kuzuia. Kilele walikiweka karibu na milimita 300 kwa nchi ya baridi kiasi. Kwenye joto letu, ambako jua hunyang'anya sehemu kubwa ya maji kabla hayajatiririka, kilele hicho husogea juu, kuelekea viwango vile vile vinavyopimwa Singida na Dodoma. Mstari wao umebishiwa sana tangu hapo, hasa kwa kuwa kilimo na mifugo huvuruga hesabu, lakini kanda yetu ya kati imekuwa shahidi wake mzuri.

Tuanze na tone lenyewe. Tone kubwa la mvua ya radi lina kipenyo cha milimita tano hivi, na hugonga ardhi kwa mwendo wa karibu mita tisa kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 30 kwa saa. Tone la manyunyu lenye nusu milimita halifikishi hata robo ya mwendo huo. Ukipiga hesabu ya uzito na mwendo pamoja, kishindo cha tone moja la radi ni sawa na kishindo cha matone 20,000 ya manyunyu. Na mvua za kwanza za Singida si za manyunyu. Huja alasiri, wingu jeusi, saa moja ya fujo, halafu jua. Zinakuta mabua ya mtama na uwele yameshaliwa na ng'ombe tangu Julai, malisho yamebaki visiki, na shamba limetifuliwa tayari kwa kupanda.

Kila tone hupasua bonge la udongo na kurusha chembe zake pembeni. Chembe laini kabisa zikitua tena huziba vitundu ambavyo maji yangepitia, na baada ya dakika chache uso wa shamba unakuwa kama sakafu iliyosiribwa. Maji yanateleza juu yake ilhali sentimita kumi chini udongo ungali mkavu. Mkulima wa Ikungi hahitaji somo hili. Akipiga jembe asubuhi baada ya mvua kubwa ya kwanza, mara nyingi hukuta vumbi chini ya tope.

Milimita moja ya mvua kwenye hekta moja ni tani kumi za maji. Mvua ya milimita 40, ambayo hakuna atakayeikumbuka mwaka ujao, humwaga tani 400. Nusu yake isipozama, tani 200 zinatafuta njia ya kuteremka, na kila hekta ya jirani inazisukumia zake.

Nusu hiyo sikuibuni. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa, R. R. Staples alitenga vitalu kwenye mteremko wa wastani, akakinga maji na udongo uliotoka kwenye kila kimoja. Kitalu cha kichaka kisichochungwa kilipoteza chini ya asilimia moja ya mvua yake, na udongo haukuondoka. Kitalu cha nyasi kilipoteza asilimia mbili hivi ya mvua, udongo vilevile ukabaki. Kitalu kilicholimwa nafaka kilimwaga robo ya mvua na tani 78 hivi za udongo kwa hekta kwa mwaka. Na kitalu kilichoachwa kitupu kilimwaga nusu ya mvua yote na tani 146 za udongo. Mvua ilikuwa moja, mteremko mmoja, udongo mmoja. Tofauti ilikuwa nguo ya ardhi.

Tani 146 kwa hekta ni takriban sentimita moja ya udongo. Penye udongo wa rutuba wenye kina cha sentimita 20, mtoto anayezaliwa leo atakuta umekwisha kabla hajamaliza chuo. Nadhani takwimu hizi zilistahili kuchorwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya kijiji katika kanda ya kati. Zimekaa kwenye maktaba kwa zaidi ya miaka 80, zinanukuliwa na wasomi wa dunia nzima, na watu zinaowahusu hawajawahi kuzisikia.

Anayetaka kuona kitalu cha kwanza cha Staples kikiwa kimepanuliwa aende Itigi. Vichaka vya Itigi ni uoto wa pekee, miti midogo iliyosongamana juu ya mchanga mwingi kiasi kwamba mtu mzima hupenya kwa shida. Uoto wa namna hiyo hupatikana tena mbali sana, kusini mwa Ziwa Tanganyika upande wa Zambia. Kila kiangazi kichaka hicho kinadondosha majani, na mvua ya kilomita moja ya mraba inazama pale pale ilipoangukia. Anayekifyeka kwa mkaa au kwa shamba jipya anahama kutoka kitalu cha kwanza cha Mpwapwa kwenda cha nne kwa msimu mmoja.

Maji yaliyosambaa juu ya uso mpana hayana nguvu kubwa, huchubua tu. Hatari inaanza yanapokusanyika. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe kubwa kabisa yanayoweza kulisukuma huongezeka mara 64. Kwa hiyo kitu chochote kinachokusanya maji ni mwanzo wa korongo: mfereji wa plau uliokatwa kushuka mteremko badala ya kuukingama, njia ambayo ng'ombe hupita kila siku kwenda lamboni, alama ya matairi ya mkokoteni. Msimu wa kwanza ni mstari ambao mtoto anauruka. Wa tatu unamzuia ng'ombe. Ukifika kina ambacho jembe haliwezi tena kufukia, jina lake ni korongo, na tangu hapo lina tabia zake lenyewe.

Tabia ya kwanza ni kwamba hukua kwa kurudi nyuma. Watu wengi husubiri korongo lirefuke kuelekea bondeni, kumbe linapanda mlimani. Kwenye kichwa chake maji huanguka kama maporomoko madogo, yanachimba shimo chini, ukingo wa juu unabaki ukining'inia, kisha unaporomoka, na kichwa kimesogea hatua moja. Mvua ijayo hivyo hivyo. Ndiyo maana mkulima anayeishi juu, ambaye alikuwa akiwatazama majirani wa bondeni kwa huruma, siku moja huamka akikuta korongo limefika uani kwake.

Ya pili ni kuzaa. Korongo kuu likishuka kina, kila kijito kilichokuwa kikiingia kwa upole sasa kinaanguka kutoka juu, nacho kinaanza kuchimba na kurudi nyuma kwenye shamba lake. Makorongo ya pembeni yakikutana migongo, kinachobaki kati yao ni kigongo chembamba cha udongo. Hapo ardhi imegawanyika vipande visivyoweza kulimwa, wala kuchungwa, wala hata kuvukwa kirahisi. Dunia ina maeneo mashuhuri ya aina hii. Yale ya Dakota Kusini, Marekani, hupungua kwa karibu sentimita mbili na nusu kila mwaka, na serikali ya nchi hiyo imeyafanya hifadhi ya taifa na kutoza kiingilio.

Tabia ya tatu haionekani mpaka mtu atumbukie. Katika tambarare na mbuga zenye udongo wa mfinyanzi, hasa penye chumvichumvi, sodiamu iliyo kwenye udongo huzifanya chembe za mfinyanzi zisukumane badala ya kushikana zinapolowa. Kiangazi udongo huu hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ya kwanza huingia nyufani, inachukua chembe zilizolegea, na kupita chini kwa chini hadi kwenye ukingo wa korongo lililo karibu. Kwa muda panakuwa na handaki ambalo aliye juu halioni; nyasi zimesimama, njia inapitika. Kisha paa linashuka, na korongo jipya linazaliwa likiwa tayari na kina cha mtu. Ukiona matundu ya mviringo kwenye ukuta wa korongo, yakitoa maji hata baada ya mvua kukatika, ujue kuna lingine linajengwa nyuma yake, na usipitishe mifugo juu.

Udongo wote huo unakwenda wapi? Swali hili lina jibu la pekee Singida, kwa sababu sehemu kubwa ya mkoa haina njia ya kufika baharini. Maji ya magharibi ya Iramba huteremka ukingo wa Bonde la Ufa na kuingia mbuga ya Wembere, yakafika Ziwa Kitangiri, yakatoka kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na hapo safari inakwisha. Eyasi haina mlango wa kutokea. Maziwa ya mjini Singida, Singidani na Kindai, yamekaa kwenye mabakuli yao, yakipokea mvua na kuipoteza kwa jua tu, ndiyo sababu maji yake ni ya chumvi na heroe huyapenda. Upande wa mashariki maji hutafuta mabwawa ya Bahi. Ni kusini mwa Manyoni tu ambako Mto Kizigo unapeleka maji Ruaha Mkuu, yakapita Mtera na hatimaye kuingia Rufiji.

Katika nchi ya namna hii udongo haupotei kwa maana ya kuiacha nchi. Unahama kutoka shambani kwenda ziwani. Kila tani iliyoondoka kwenye miteremko ya Iramba ambayo haikukwama njiani iko mahali fulani kati ya Wembere na Eyasi, na kila tani inapunguza kina cha maji kinachohitajiwa na samaki wa Kitangiri. Chembe zilizoyeyuka nazo hufuata njia hiyo hiyo. Urani iliyogunduliwa kwenye mabonde ya Manyoni na Bahi ni ya namna hiyo: maji yaliyopita kwenye granaiti kwa muda mrefu sana yaliiyeyusha kidogo kidogo, yakaileta kwenye mabonde yasiyo na tundu, yakakauka na kuiacha.

Dereva wa lori anayeshuka mlima Sekenke kuelekea Shelui anaona mpaka wenyewe kwa macho. Nyuma yake ni nyanda za juu, mbele na chini ni Wembere iliyo tambarare mpaka upeo. Ardhi ilipasuka na kushuka, mteremko ukapatikana, na maji yenye mteremko hayakai bure. Makorongo ya ukingo huu yangekuwepo hata kama hakuna binadamu aliyewahi kufuga mbuzi hapa.

Nalisema hilo makusudi, kwa kuwa tumezoea hadithi ya upande mmoja: ng'ombe wengi, watu wengi, ardhi imekwisha. Itazame granaiti ya mji wa Singida. Mawe yale makubwa yaliyobebana, ambayo wageni huyapiga picha na wenyeji huanika nguo juu yake, hayakudondoka kutoka popote. Ni sehemu ya mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Mwamba huo ulioza ukiwa bado chini ya ardhi. Maji yaliyopenya kwenye nyufa zake yaligeuza madini ya feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi na kuacha kwatzi ikiwa mchanga, na kona za kila pande zikaliwa kwanza kuliko katikati, mpaka pakabaki viini vya duara vilivyozungukwa na udongo. Kisha mvua za zama nyingi zikauzoa udongo na kuviacha viini nje. Jiwe la Singida ni kile ambacho mmomonyoko ulishindwa kukibeba. Mji mzima umejengwa katikati ya mabaki yake.

Hata hivyo kuna mwendo na mwendo. Granaiti tupu katika nchi kavu hupungua mita chache tu kwa miaka milioni. Kitalu kitupu cha Mpwapwa kilipungua sentimita kwa mwaka. Kati ya tarakimu hizo mbili ndipo penye jukumu la binadamu, na mahali pazuri pa kulipima ni kwa jirani wa mashariki, Kondoa.

Milima ya Irangi huko Kondoa ndiyo mandhari ya makorongo iliyochunguzwa kuliko nyingine yoyote katika kanda ya kati. Kuna mahali makorongo yamekwenda chini kuliko nyumba ya ghorofa, kuta zake nyekundu zimechanwa mistari ya wima na kila mvua, na chini yake mito ya mchanga imetanda kwa upana usiolingana kabisa na kijito cha juu. Watafiti waliopima umri wa tabaka za udongo ulioteremka kutoka vilimani walikuta vipindi viwili: kimoja cha zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, tabianchi ilipokuwa ikibadilika, na kingine kilichoanza karne nyingi kabla ya mkoloni, wakati wakulima na wafua chuma walipoanza kufyeka. Kwa hiyo Wajerumani na Waingereza waliolaumu mifugo ya Warangi walikuta kazi imeshaanza, na wanaowalaumu wakoloni peke yao nao wanakosea tarehe.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Kwanza walichimba makinga maji kwa katapila na kupanda miti. Halafu mwaka 1979 ikaja amri ambayo Kondoa haijaisahau: mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika zaidi, kilomita za mraba 1,256. Karibu wanyama 85,000 walitolewa. Nyasi zilirudi kwa kasi iliyowashangaza hata waliotoa amri. Mito ya mchanga ilianza kubana, kingo zikaota majani, na mashamba mapya yakalimwa kwenye mchanga uliotulia.

Ilikuwa ushindi wa nyasi. Upande wa pili wa daftari hausomwi sana: watoto waliokosa maziwa, mashamba yaliyokosa samadi, wazee waliohesabiwa kuwa matajiri jana na leo hawana cha kutoa mahari, na ng'ombe waliokwenda kula nyasi za watu wengine. Muongo mmoja ulipita kabla ufugaji wa ndani haujaruhusiwa, tena kwa ng'ombe wachache wa kisasa. Kwangu mimi HADO ilithibitisha sayansi ya Staples na kushindwa kuthibitisha kwamba amri ndiyo njia ya kuitumia. Shinyanga, ambako HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilianza 1986, waliwaachia watu utaratibu wao wenyewe wa ngitili, malisho yanayofungwa msimu wa mvua na kufunguliwa kiangazi, na ngitili zikaenea mpaka mamia ya maelfu ya hekta bila kumhamisha mtu. Singida, iliyo katikati ya mikoa hiyo miwili, ingefaa iige ya magharibi.

Sitaki msomaji atoke hapa akiliona korongo kuwa adui tupu. Mchanga uliojaa kwenye mito ya msimu ni ghala la maji. Jua haliwezi kuyafikia, na Septemba, lambo likiwa tope linalopasuka, mwanamke anayejua mto wake hufukua mchanga kwa bakuli na kusubiri maji safi yachuje. Na bila makorongo tusingejua lolote kuhusu waliotutangulia. Isimila, kusini-magharibi mwa mji wa Iringa, ni korongo lililokata tabaka za ziwa la kale na kuacha nguzo za udongo zilizosimama peke yake. Chini ya nguzo hizo, mwaka 1951, yalionekana mashoka ya mawe yaliyooshwa na mvua, na F. Clark Howell akaja kuchimba mwaka 1957 na 1958. Kwenye makorongo ya Manonga, ng'ambo ya Wembere, mvua hutoa mifupa ya viboko na jamaa za tembo ya zaidi ya miaka milioni nne. Olduvai yenyewe ni korongo: fuvu ambalo Mary Leakey aliliona tarehe 17 Julai 1959 lilikuwa limeshaanza kuchomoza kwenye mteremko. Wavumbuzi wanapewa sifa zao, lakini mchimbaji wa kwanza alikuwa mvua.

Mmomonyoko mwingine haupo katika kundi hili na usichanganywe nalo. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vyake, si mbali na mpaka wa Singida, lilikuwa mlima uliolowa mpaka ndani na kuteleza kwa pamoja. Korongo halifanyi hivyo. Korongo huua shamba, kisima na barabara, taratibu, na kwa sababu hiyo haliitwi maafa wala halina kamati.

Kisima hakika kinastahili kutajwa. Korongo lenye kina cha mita nne linachora mstari mpya wa maji ardhini. Yaliyokuwa yamehifadhiwa chini ya shamba, pande zote mbili, sasa yanachuruzika kuelekea korongoni, na miti yenye mizizi mifupi inaanza kukauka katika mwaka ambao mvua ilikuwa nzuri. Watu husema ukame umezidi. Kipimo cha mvua kinaweza kuwa hakijabadilika hata kidogo.

Basi nini kifanyike? Kosa la kawaida ni kwenda chini, kwenye sehemu ya korongo inayotisha, na kujaza taka, matawi na viroba vya mchanga. Mvua moja kubwa inavizoa vyote na kuvipeleka kwa jirani. Dawa iko juu ya kichwa cha korongo, kwenye hekta ambazo maji yanakusanyika: makinga maji yanayofuata kontua, matuta ya alizeti yaliyokingama mteremko, mabua yaliyoachwa shambani, visiki vilivyopunguzwa machipukizi na kuachwa vikue kuwa miti, kama wafanyavyo sasa wakulima wengi wa Dodoma kwa jina la Kisiki Hai. Maji yakishapunguzwa huko ndipo vizuizi vidogo vya mawe ndani ya korongo vinakuwa na maana, vikianzia juu kushuka chini, kila kimoja kifupi kiasi cha kuvukwa na maji bila kubomoka.

Sheria haijaliona jambo hili vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na viongozi hutumia nguvu nyingi kuwafukuza wakulima wa bustani za vitunguu mabondeni. Lakini tope la Kitangiri halizaliwi ndani ya mita 60 za Kitangiri. Linazaliwa juu, kwenye mteremko ambao hakuna afisa anayeukagua.

Na kuna mchimbaji mmoja mkubwa wa makorongo ambaye halaumiwi kabisa, kwa sababu analeta maendeleo. Ni barabara. Lami haizamishi hata tone. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita saba, ikinyeshewa milimita 40, humwaga tani 280 za maji kwenye mitaro yake, na mitaro hukusanya pia maji ya mashamba yote ya upande wa juu. Mkandarasi huyavusha chini ya barabara kwa kalvati, huyamwaga upande wa pili, na hapo mkataba wake unakwisha. Anayepokea ni mwenye shamba. Ukipita barabara kuu za kanda ya kati, tazama upande wa chini wa makalvati, uhesabu mangapi yana korongo mdomoni.

Hili linarekebishika bila kumwondoa ng'ombe hata mmoja. Wahandisi wanajua kujenga ngazi za mawe za kuyatuliza maji, kuyagawa kwa mitaro mingi midogo badala ya mmoja mkubwa, na kuyaelekeza kwenye malambo ambako mifugo ingeyanywa hadi Agosti. Kinachokosekana ni sharti kwenye mkataba. Madiwani wa Manyoni, Ikungi, Singida, Iramba na Mkalama, mkiletewa barabara mpya, ulizeni swali moja kabla ya kupiga makofi: maji yake yatafika mtoni kwa njia gani, na nani amelipwa kuyafikisha?